Hewa sio maji: maswali yenu ya mabomba ya kompresa

Maswali ya mabomba ya hewa yamerundikana, nimechukua saba. Wale mnaouliza tu "kompresa ipi nzuri" bila kusema mnafanyia kazi gani sijawajibu, semeni kazi kwanza.

Fundi shikamoo. Niko Mwanzange, nina karakana ya samani nyuma ya nyumba, kompresa ya lita 100 inakata kwenye baa 8. Nimebakiwa na mabomba ya plastiki ya PVC ya inchi nusu niliyojengea bafu, yameandikwa PN16. Nikiyapitishia hewa kuna tatizo?

Marahaba. Usiyatumie. Hili swali nimeshalijibu hapa sijui mara ngapi na bado linarudi kila mwezi, na kila anayeuliza ananionyesha hiyo PN16 kana kwamba ndio hati ya ruhusa. Hiyo namba, yaani presha ya baa 16, ni ya maji, tena maji ya baridi ya nyuzi 20 hivi. PVC ikipata joto inalegea, ikifika nyuzi 43 nguvu yake inabaki kama nusu, ikifika 60 haifiki hata robo. Sasa wewe uko Tanga, karakana imeezekwa bati, kaskazi imeingia, saa nane mchana bomba limepita juu kabisa chini ya bati na ndani yake linapita hewa ya moto iliyotoka kwenye kompresa muda huo huo. Hiyo PN16 yako imebaki ngapi?

Na hata joto lisingekuwepo bado ningekukataza. Maji hayabanwi, bomba la maji likipasuka presha inaanguka papo hapo, unalowa, unakimbilia koki basi. Hewa imekaa mle kama springi iliyokandamizwa, lita moja ikiwa kwenye baa 8 ukiiachia inakuwa lita tisa, na bomba lako limeungwa na tangi la lita 100, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ni hewa kiasi gani inatafuta pa kutokea. PVC haichaniki kama mpira, inavunjika vipande vyenye makali na vinaruka. Niliwahi kuingia karakana moja huku Makorora asubuhi, bomba lilikuwa limepasuka usiku hakuna mtu, tukakuta kipande kirefu kama kidole kimezama kwenye ubao wa mninga, na ubao wenyewe ulikuwa upande wa pili wa chumba. Mninga jamani! Marekani idara yao ya usalama kazini, OSHA, ilitoa onyo mwaka 1988 juu ya PVC za hewa zilizo wazi juu ya ardhi baada ya mfanyakazi wa kiwanda huko Texas kuumizwa na bomba lililopasuka. Miaka yote hiyo, na sisi bado tunabishana.

Usiniambie pia kwamba fulani anayo mwaka wa tatu haijamfanya kitu. PVC haitoi taarifa, haivuji kwanza ikakuonya, inazeeka kimya, na baadhi ya oili za kompresa zinaila, halafu siku moja mtoto anapita na ngazi anaigusa. Hayo yaliyobaki yapeleke kwenye maji ya bustani.

Je nikiifukia PVC ndani ya plasta?

Hapana. Plasta sio kinga ya kuitegemea, na siku utakapotoboa ukuta utundike shelfu utatoboa bomba lenye hewa.

Mimi niko Bagamoyo, fundi bomba wangu anasema PPR, yale mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa kuchomea, inafaa, eti ndiyo anayofungia watu wa gereji. Ni kweli?

Kwa hili fundi wako hajakosea sana. PPR sio PVC, msizichanganye. Haina ule ugumu wa kuvunjika vipande kwenye joto letu la pwani, na zipo kampuni zinazoiuza kwa kazi ya hewa na zimeandika hivyo kwenye karatasi zao. Hiyo karatasi iombe dukani uisome, kama aina unayouziwa haitaji hewa popote iache. Chukua PN20 kwenda juu. Mita chache za mwanzo kutoka kwenye kompresa weka chuma, hewa ikitoka pale ni ya moto na PPR nayo hushuka nguvu kwa joto. Usiipitishe nje kwenye jua.

Halafu msimamie huyo fundi anapochomea. Wengi wanaacha pasi ya kuchomea inayeyusha mno kisha wanasukuma kwa nguvu, plastiki inajaa ndani ya kiungo, bomba la inchi nusu linabaki na tundu la kupitisha penseli halafu mnakuja kunilalamikia kwamba kompresa haina nguvu.

Karakana iko Sahare karibu kabisa na bahari. GI (chuma kilichopakwa zinki) au shaba?

Shaba ukiwa na hela. Haishiki kutu, ndani ni laini, ukiilehemu vizuri umemaliza, ila ipitishe ndani tu, ya nje wanunuzi wa vyuma chakavu wataiona kabla yako. GI ni imara na haitakuvunjikia usoni, ila kwa Sahare ujue kutu inaanzia kwenye tredi pale fundi alipokata zinki, paka rangi ya kuzuia kutu kila kiungo siku hiyo hiyo. Na ile zinki ya ndani huwa inabanduka magamba, kwa hiyo weka kichujio kabla ya bunduki ya rangi.

Nikipuliza vanishi inatokea madoa kama vipele vya maji. Nimebadilisha bunduki mara mbili.

Bunduki haina kosa, una maji kwenye laini. Chukua hewa yetu ya pwani, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo imebeba gramu 24 hivi za maji. Ukizibana mita tisa kuwa moja, ndivyo inavyofanya kompresa ya baa 8, unakuwa umekusanya zaidi ya gramu 200 mahali ambapo hewa ikishapoa inaweza kushika 30 tu. Zilizobaki, karibu glasi nzima, zinageuka maji ndani ya tangi na mabomba. Masika ndio usiseme.

Kwa hiyo bomba kuu lilaze, lishuke sentimita moja kila mita kwenda mbali na kompresa, na mwisho wake weka koki ya kumwagia maji. Matawi ya kushuka kwenye bunduki yatoe juu ya bomba kuu, yapande kidogo kama shingo ya bata ndipo yashuke, ukiyatoa kwa chini maji yote yanakuja kwako. Chujio la maji usilifunge pale kwenye kompresa kama wengi mnavyofanya, hapo maji bado ni mvuke yanapita tu, liweke mbali karibu na unapopulizia hewa ikiwa imeshapoa. Na tangi, jamani, fungueni ile koki ya chini kila jioni. Kuna watu hawajaifungua tangu wanunue, tangi linalika kwa ndani na nje linang'aa.

Nina compressor ya friji na mtungi wa gesi ya friji uliokwisha, nataka kufanya tangi.

Usifanye. Ile mitungi imetengenezwa kutumika mara moja, bati lake jembamba na ndani litashika kutu kwa maji hayo hayo niliyoyaeleza. Nunua tangi la hewa lenye sefti valvu inayofanya kazi, na hiyo valvu usiikaze wala kuiziba hata kama inakusumbua kwa kulia.

Naomba kujua, kompresa niiunge moja kwa moja na bomba la ukutani?

Weka kipande cha mpira wa hewa katikati, mita moja inatosha, ulioandikwa presha kubwa kuliko ya kompresa yako, na koki upande wa ukutani. Kompresa inatikisika siku nzima, ukiiunga kwa chuma kitupu kiungo cha kwanza ndicho kitakachopasuka.