Nauli ya matatu Nairobi: dada wa Dodoma aliyetozwa 200

Dada, pole sana. Kutozwa shilingi 200 kwenye matatu huku abiria wa kando yako akilipa 80, kisha makanga (konda) akashuka na chenji ya noti yako ya elfu, inauma, na si haki.

Nauli zetu hupanda asubuhi, jioni watu wakitoka kazini, na mvua ikinyesha. Kwa hiyo bei kubadilika peke yake si wizi. Wizi ni abiria wa safari moja kulipishwa tofauti. Kabla ya kupanda, muulize mama anayeuza karanga pale steji (kituo cha matatu) au abiria aliye kwenye foleni: "Ngong ni ngapi saa hii?" Halafu mwambie makanga hiyo bei ukiwa bado chini, mguu haujagusa ngazi. Mkikubaliana mlangoni, ndani hana la kusema.

Noti ya elfu usiitoe kabisa. Ivunje dukani kwanza. Ukikaa muda, sajili laini kwa pasipoti ulipe kwa M-Pesa, kiasi kamili, lakini simu usiichezee dirishani. Hunyakuliwa gari likiwa kwenye msongamano.

Makanga akikataa kukupa chenji, mara nyingi abiria wenzako watakutetea, ongea tu kwa sauti. Gari likiwa tayari limeondoka, jina la sako (ushirika wa wenye matatu) na namba ya njia huandikwa ubavuni; ukikumbuka hayo pamoja na namba ya usajili, nenda ofisi ya sako au uripoti NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ukitishwa au kusukumwa, usibishane naye. Shuka penye watu, uende kituo cha polisi.