Meli ikilala upande, usikimbilie pampu

Ukimuuliza kadeti anayepanda meli kwa mara ya kwanza meli iliyolala upande inarekebishwa vipi, atakujibu upesi: jaza maji upande wa pili. Mara nyingi jibu hilo hufaa, ndiyo maana siku lisipofaa hakuna anayelishuku. Nimekuwa ofisa mkuu kwenye meli za shehena, kazi ambayo farumi, yaani maji ya kusawazisha meli, hukukosesha usingizi kuliko shehena yenyewe, na ninachowaambia vijana ni kimoja: usifungue valvu hata moja kabla hujajua meli imelala kwa nini.

Sababu nyepesi kuliko zote ni uzito kukaa zaidi upande mmoja. Hata manowari kubwa kabisa haziepuki hilo. Manowari za Marekani za kubebea ndege za aina ya Nimitz zina uzito wa karibu tani 100,000 zikiwa zimejaa, na mnara wao umejengwa upande wa kulia wa sitaha. Zina matangi maalumu ya kusawazisha, lakini zikipakiwa kivita, mwinamo wa kulia umewahi kuyashinda, mabaharia wakalazimika kujaza maji yasiyo na chumvi kwenye vyumba vilivyoachwa vitupu kwa ajili ya siku ya ajali. Meli inasimama sawa, ila akiba ya siku ya kupigwa imeshaanza kuliwa. Farumi haiji bure.

Manowari nyingine iliinamishwa kwa makusudi. Juni 1944, USS Texas ikipiga mizinga pwani ya Normandy, shabaha zilikuwa zimesogea bara mno. Mabaharia wakajaza maji kwenye ubavu wa kulia, meli ikainama kama digrii 2, midomo ya mizinga ikapanda kiasi cha kuzifikia. Watu hao walizijua hesabu zao.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme meli ina uzito wa tani 20,000 na GM ya mita 1. GM ndiyo kipimo cha uwezo wa meli kujirudisha wima. Ukihamisha tani 100 za maji kutoka tangi la kushoto kwenda la kulia, umbali wa mita 14, zidisha 100 kwa 14 upate 1,400, kisha gawa kwa 20,000 zilizozidishwa kwa GM. Jibu ni 0.07, ambayo ni tanjenti ya mwinamo wa digrii 4. GM ikiwa mita 2, maji yaleyale yatakupa digrii 2 tu. Ifanye kwa kalamu kabla ya kugusa kompyuta. Mwaka 2019 meli ya magari Golden Ray, ikiwa na magari zaidi ya 4,000, ililala ubavu ikitoka bandari ya Brunswick, Georgia, na wachunguzi wakakuta takwimu za farumi ziliingizwa kimakosa kwenye programu. Kompyuta hujibu ulichoiuliza.

Sasa basi, ukikuta meli imeinama kuliko hesabu inavyosema, simama hapohapo. Huenda GM imekwisha: uzito umezidi juu, au matangi mengi yana maji nusunusu yanayoyumba huku na huku. Meli ya namna hiyo hulala kwa sababu haiwezi kusimama. Utaitambua kwa ulegevu wake. Inayumba polepole, leo imelalia kushoto, upepo au usukani ukigeuka inajitupa kulia, ilhali uzito wa pande zote ni sawa. Hapa ndipo lile jibu la kadeti linapoua watu. Ukijaza maji upande uliopanda, meli itarudi katikati, itapita, na itaanguka upande wa pili kwa kishindo, shehena nayo ifuate.

Dawa yake inaogopesha macho. Unashusha uzito chini: unachagua tangi dogo la chini kabisa, lililo upande ule ule ulioinama, unalijaza mpaka juu, ndipo unajaza mwenzake. Meli itazidi kuinama kwanza kabla ya kuinuka. Mwarifu nahodha mapema, la sivyo atakupigia kelele usimamishe pampu katikati ya kazi. Na usijaze matangi mawili matatu kwa pamoja. Tangi liwe limejaa au tupu; lile la nusu ni adui.

Mfano wa uzito kuzidi juu ni huu: Februari 1942, meli ya Ufaransa Normandie, iliyokuwa ikigeuzwa kubeba askari, iliwaka moto gatini New York. Maji ya kuuzima yalirundikana kwenye sitaha za juu, na usiku huo ikapinduka. Miezi miwili kabla, kule Pearl Harbor, USS West Virginia na USS Oklahoma zilipigwa kombora baada ya kombora upande wa kushoto. West Virginia ilijazwa maji upande wa kulia mapema, ikazama ikiwa wima, ikaopolewa na kurudi vitani 1944. Oklahoma ilipinduka na watu zaidi ya 400 wakafa. Kwenye West Virginia sababu ilikuwa wazi, tobo upande mmoja, na dawa ya upande wa pili ikafaa.

Gatini kuna sababu nyingine ambazo vitabu huzipitia haraka. Sarahangi (kiongozi wa mabaharia) mmoja wa Lamu niliyefanya naye kazi hakukubali pampu iwashwe kabla hajakagua kamba. Kwetu maji ya bamvu, yale yanayojaa na kupwa sana, hushuka zaidi ya mita 3. Kamba zisipolegezwa huivuta meli, na mara nyingine upande mmoja wa tumbo huwa umegusa tope. Farumi ya nini hapo? Legeza kamba, subiri maji yajae, kisha soma klinomita, kipimo cha mwinamo, upya.

Ikibidi kupampu, hamisha maji ya ndani kwa ndani kwanza. Tangu Septemba 2017 mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi unafanya kazi, na kumwaga nje kiholela kutakuletea maofisa wa bandari na kitabu chao cha faini. Zima pampu ikiwa imebaki nusu digrii, tuma mtu akapime matangi kwa mkono, ndipo uendelee.