Maswali ya Wasomaji: Dakika Kumi na Mtu Mashuhuri

Swali: Nimepangiwa kumpiga picha mkurugenzi mkuu wa benki kwa ajili ya jalada la jarida. Katibu muhtasi wake ananiambia nina dakika kumi, palepale ofisini kwake. Nitapataje zaidi ya pozi moja?

Jibu: Dakika kumi zinatosha, ila hata moja isiliwe na taa. Omba uingie chumbani saa nzima kabla yake, na uende na mtu wa kusimama mahali pake ukijaribu mwanga. Mtu huyo afanane naye kwa kimo na rangi ya ngozi. Taa iliyopangiwa mfupi itammulika mrefu kutokea chini ya kidevu, na hapo ndipo dakika tatu hupotea ukipandisha na kushusha stendi.

Andaa vituo viwili. Cha kwanza kiwe cha flashi: softiboksi (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga) ya upana wa sentimita 90 hadi 120, nyuzi 45 kando ya kamera, kitovu chake juu kidogo ya macho, mita moja na ushee kutoka usoni. Kwa kamera yenye sensa (kihisi mwanga) ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 85 kutoka mita mbili huiacha sura ilivyo. Ukimsogelea kwa lenzi ya milimita 35 ili ujaze fremu, pua huvimba na masikio hurudi nyuma, na mtu aliyezoea kujiona magazetini ataligundua papo hapo. Weka uwazi wa lenzi f/5.6, wepesi wa kupokea mwanga ISO 100, kasi 1/160 ya sekunde, kisha rekebisha nguvu ya flashi yenyewe. Kwa vipimo hivyo taa za dari hazionekani kabisa; zikionekana, huacha umanjano au ukijani vivulini. Ukipita kikomo cha kasi ya flashi, ambacho kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, utepe mweusi hutokea upande mmoja wa picha. Usijaribu f/1.8 kwa mtu usiyeruhusiwa kumrudia: akisogeza kichwa sentimita chache tu, jicho limetoka kwenye fokasi.

Kituo cha pili kiwe dirishani, bila flashi, taa za dari zikiwa zimezimwa, na utepe umebandikwa sakafuni atakaposimama. Tumia dakika nne cha kwanza, tatu cha pili. Zinazobaki ni za salamu na kuaga, nazo si za kupoteza. Mwulize katibu mapema jina la mkubwa wake linavyotamkwa na cheo anachopenda kuitwa.

Mwoga wa kamera husalitiwa na mikono yake kabla ya uso. Mpe kitu halisi cha kushika au kuegemea: ukingo wa meza, mgongo wa kiti, miwani yake. Usimwambie acheke. Mwulize jambo la kazi yake linalomhitaji afikiri, na ubonyeze pale anapomaliza sentensi, maana mdomo umetulia na macho bado yana mawazo. Usichungulie kioo cha kamera kila baada ya picha. Atakusoma usoni akingoja hukumu. Msaidizi ndiye aangalie.

Mpiga picha Yousuf Karsh alipompiga picha Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, mjini Ottawa, Kanada, Desemba 1941, Churchill hakuwa ameambiwa kwamba atapigwa picha, akatoa muda mfupi sana. Watu hukumbuka Karsh alivyomchomoa sigara nene (cigar) mdomoni na uso ukakunjamana. Sisi tunakumbuka zaidi kwamba taa zilikuwa zimeshasimama zikimngoja.

Swali: Mwandishi nitakayempiga picha havui miwani kamwe. Kila nikiwasha taa, vioo vinageuka vyeupe. Nimwombe avue?

Jibu: Hapana. Wasomaji wanamjua akiwa na miwani, na akiivua atabaki na alama mbili puani. Mwanga huakisika kwa pembe ileile ulioingilia, kwa hiyo kazi yako ni kuuelekeza mwako kwingine usirudi kwenye lenzi. Pandisha taa sentimita 20 au 30, isogeze zaidi pembeni, kisha mwombe ainue mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viiname. Kidevu kishuke kidogo tu. Kikizidi, fremu ya miwani hukata macho. Ukiona bado kuna mraba mweupe, geuka nyuma: mara nyingi ni dirisha lililo mgongoni mwako, na dawa yake ni pazia.

Swali: Mwimbaji mwenye ngozi nyeusi sana atavaa mavazi meupe matupu. Picha zangu za majaribio, uso unatoka giza, na nikiuangaza nguo zinaungua, yaani zinabaki weupe mtupu.

Jibu: Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kikiona nguo nyeupe hupunguza mwanga, na uso ndio unaolipa. Acha mpangilio wa otomatiki. Piga faili za RAW (ghafi, ambazo kamera haijazichakata), ongeza mwanga mpaka weupe wa nguo ukaribie kupoteza nyuzi za kitambaa, simama hapo. Kisha ipeleke taa usoni zaidi kuliko kwenye nguo: igeuze kidogo ili ukingo wake tu uguse kifua, au weka kitambaa cheusi kati ya taa na nguo.

Kosa kubwa tunaloliona ni kumwagia ngozi nyeusi mwanga mwingi wa moja kwa moja kutoka mbele. Umbo la ngozi hiyo huchorwa na mng'ao. Taa kubwa, laini, iliyo ubavuni itaweka mng'ao kwenye shavu, paji na mfupa wa pua. Upande wa pili weka ubao mweupe nusu mita kutoka usoni. Futa jasho kwa karatasi za kunyonya mafuta, lakini usiukaushe uso wote. Jihadhari na poda zenye silika nyingi: kwa macho hazionekani, chini ya flashi huwa madoa meupe.

Ukimfuata jukwaani chini ya taa za zambarau na buluu, kagua histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ya kila rangi peke yake. Ile ya jumla huonyesha salama wakati buluu imeshaungua.

Swali: Mchoraji ninayempiga picha ana karakana iliyojaa vitu. Nivionyeshe vyote?

Jibu: Chagua kimoja, ukipe nafasi kubwa. Mwaka 1946 Arnold Newman alimweka mtunzi wa muziki Igor Stravinsky chini kabisa kwenye kona ya picha, na kifuniko cha piano kikachukua sehemu kubwa ya fremu. Hata hivyo uso ndio unaoonekana kwanza.

Swali: Ofisi ya habari ya mwanasiasa inataka kuchagua picha kabla hatujachapisha. Tukubali?

Jibu: Kwa picha ya habari, uchaguzi ni wa mhariri, na hilo lisemwe kwa maandishi kabla ya siku ya kazi. Kama ofisi yake ndiyo iliyokuagiza na kukulipa, ni makubaliano yenu. Kibali cha kuchapishwa gazetini usikihesabu kuwa kibali cha tangazo la biashara. Kwa hilo andaa fomu yake, isainiwe hapohapo kabla hajaondoka.

Wakiomba usafishe uso, ondoa chunusi ambayo wiki ijayo haitakuwepo. Kovu, baka na mikunjo viache. Kabla ya kutuma, jina kamili, cheo chake siku hiyo na tarehe viandikwe ndani ya faili lenyewe, si kwenye barua pepe tu, kwa sababu barua pepe na picha huachana siku ya kwanza tu.