Mnyama kauzwa, sasa ni wa nani?

Majibu haya yanafuata kanuni za sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya 1893, ambayo nchi nyingi ziliirithi. Mkataba wenu ukisema vingine, ufuateni huo.

Tulipatana bei ya fahali, nikalipa nusu, nikamwacha kwa muuzaji. Kafa usiku uleule. Nidai pesa yangu?

Huenda ni wewe unayedaiwa. Mnyama mliyemkubali kwa kumtaja, tuseme yule mweusi mwenye baka pajani, akiwa tayari kuchukuliwa, huwa wako tangu mlipopatana, hata kama malipo na makabidhiano ni baadaye. Hasara humwandama mwenye mali. Ila kama bei ni kwa kilo na muuzaji ndiye wa kupima, anabaki wake hadi ampime na wewe ujulishwe. Kadhalika ukinunua "mbuzi 5 kati ya 20" ambao hawajatengwa, huna mbuzi, una ahadi. Watengwe mbele yako, wapakwe rangi au wavishwe hereni, namba ziandikwe kwenye hati. Na muuzaji akichelewesha makabidhiano kwa kosa lake, madhara ya kuchelewa huko ni yake.

Ng'ombe niliyemnunua, mtu anadai kaibiwa kwake. Risiti hainilindi?

Inaonyesha ulimlipa nani, basi. Mwizi hana umiliki wa kukupa, hivyo kwa kawaida mwenyewe humchukua ng'ombe nawe unabaki kumdai aliyekuuzia. Usimchinje wala kumuuza shauri likiendelea. Mpige picha ubavu wote wawili, masikio na alama ya moto: kovu la zamani ni laini, halina manyoya; jipya lina gaga. Tundu la pili sikioni, au alama iliyochomwa juu ya nyingine, ni la kuulizwa. Mdai akisema mama wa ng'ombe huyo yupo, ombeni kipimo cha vinasaba. Nywele za mkia zilizong'olewa na mizizi yake hutosha; zilizokatwa kwa mkasi hazifai.

Mtamba niliyemuuza amezaa kabla hajachukuliwa. Ndama je?

Ni wa aliyekuwa mwenye mama siku ya kuzaa. Rudi jibu la kwanza.

Mnunuzi hamalizi deni. Nikamtoe ng'ombe zizini kwake?

Usithubutu, utageuka mshtakiwa. Umiliki ukishahama unadai pesa, si ng'ombe, labda mkataba uliandika kwamba anabaki wako hadi malipo ya mwisho. Hata hivyo, pitia mahakamani.