Zero: weupe chini ya stika, na rangi ya kuchubua

Ndugu, umeuliza kuhusu modeli yako ya Zero, ndege ya kivita ya jeshi la majini la Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia (toleo la A6M2, kipimo cha 1/72): weupe chini ya stika unatoka wapi, na je, uichubue rangi yake ionekane imechakaa? Weupe huo unaong'aa kama fedha chini ya maduara mekundu hausababishwi na stika mbovu. Ni hewa. Rangi isiyong'aa ukiitazama kwa karibu ina vinundu kama msasa. Stika hulala juu ya vinundu, hewa hunaswa chini.

Usizibandue. Toboa palipo na weupe kwa ncha ya sindano, kisha pakaa dawa ya kulainisha stika kwa brashi ndogo. Stika itakunjamana kama utando wa maziwa na utatishika, lakini usiiguse kabisa! Ikikauka itanyooka yenyewe. Weupe ukibaki, rudia kesho yake. Safari nyingine anza na vanishi inayong'aa, koti mbili nyepesi, uiache saa 24 kabla ya stika. Vanishi ya kufifisha mng'ao ije mwisho.

Kuhusu kuichubua mpaka bati lionekane, kwa Zero ningesema acha. Picha zinazokuvutia nyingi ni za ndege za jeshi la nchi kavu la Japani, kama Ki-61, ambazo rangi ya kijani mara nyingi ilipakwa juu ya aluminiamu tupu, ikabanduka vipande vipande. Zero zilizoundwa na Mitsubishi zilikuwa na praima (rangi ya msingi, ya chini kabisa) ya kahawia-nyekundu, kwa hiyo mikwaruzo mingi ionyeshe rangi hiyo. Fedha iwe nukta chache tu, kwenye shina la bawa la kushoto (linapoungana na kiwiliwili), rubani alipopandia.