Mkuu uliyeandika toka Mpunguzi, usiongeze springi kabla hujahesabu kilo

Mkuu simama hapo hapo, hiyo hela usiitoe kwanza. Umeandika unataka pikapu ya dabo kebini, ile ya viti mistari miwili, nyuma likae simtanki la lita 1,000 la kumwagilia zabibu, msimu wa kuvuna ukifika ufunge na tela la kreti, na fundi kakuambia akishaongeza springi gari itabeba chochote. Hiyo kauli ya fundi ndo imenitoa kitandani saa hii, maana mimi niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2018 na nikaamini.

Nilikuwa nasambaza maji na simenti kwenye saiti za Iyumbu na Mtumba, kipindi kile serikali imehamia Dodoma watu wanajenga kila kona, simu za maji zinaanza alfajiri. Nikanunua dabo kebini kwa sababu kama yako, wiki nzima kazi, Jumapili mama watoto na watoto kanisani. Dalali analipiga bodi makofi, "kaka hii tani moja na nusu inabeba huku inaimba". Nikaweka tangi la lita 1,500. Safari ya kwanza tu gari ikakaa nyuma mpaka usiku taa zinamulika matawi ya miti, nikaipeleka gereji, fundi akaongeza majani matatu ya springi kila upande, ikanyanyuka ikakaa sawa kabisa. Nikafurahi.

Hapo ndo palipo na sumu mkuu, naomba usome taratibu. Springi zinabadilisha gari inavyokaa, basi. Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ni ile ile, ekseli ya kushika tairi ile ile, beringi zile zile, breki zile zile zilizotengenezwa kwa uzito ule wa kwanza. Ilipokuwa inakaa nyuma ilikuwa inanionya, sasa nimemlipa mtu ainyamazishe, nikaendelea kupiga trip sita saba kwa siku nikijua nina gari ya nguvu.

Mwezi wa nne asubuhi najaza maji, nimeegemeza mkono kwenye ule uwazi kati ya kebini na bodi, nashangaa mkono umezama. Juu kiganja kizima kinaingia, chini hata kidole hakipiti. Nikamwambia kijana afunge bomba, nikalala chini ya gari na tochi ya simu, nikakuta chesisi imepinda nyuma kidogo ya kebini pande zote mbili na upande wa kulia rangi imebanduka, ndani ya ule mbanduko kuna ufa mwembamba kama uzi, una kutu tayari. Ina maana haukuwa wa jana. Nilishawabeba wanangu Jumapili kadhaa juu ya ule ufa. Hilo hadi leo likinijia usiku sipati usingizi vizuri.

Nikamrudia fundi, anasema "ni barabara hizi kaka". Barabara gani, lami ya kwenda Mtumba? Dalali ndo hakupokea simu kabisa. Watu hawa wanakula hela yako kwa maneno na mzigo wanakuachia wewe, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufungua mlango akasoma kile kibati cha uzito cha mlangoni. Nikanyoosha chesisi, ikachomelewa na bati juu, milioni 4 na zaidi, gari imelala miezi miwili, wateja wa saiti mbili wakahamia kwa mwenye boza. Wiki ya tatu baada ya kurudi kazini ikapasuka tena pembeni ya lile bati. Nikaiuza nusu ya bei, na ufa nilimwonyesha mnunuzi mwenyewe kwa tochi.

Sasa kwa nini dabo kebini ndo inaumia? Angalia ekseli ya nyuma iko wapi. Bodi la Hilux dabo kebini ni kama mita 1.5, la singo kebini, yenye mstari mmoja wa viti, ni kama mita 2.3, kwa hiyo kwenye singo mzigo unaweza kukaa mbele ya ekseli au juu yake, kwenye dabo sehemu kubwa ya mzigo inaning'inia nyuma ya ekseli. Ukifunga tela ndo unaongeza wenzo. Tela likilemea ndoano ya kulivutia kwa kilo 120, na ndoano iko mita 1.3 nyuma ya ekseli, gari ya mita 3 hivi toka tairi ya mbele hadi ya nyuma, ekseli ya nyuma inapokea karibu kilo 170 na ya mbele inanyanyuliwa kilo 50. Usukani unakuwa mwepesi, unadhani gari tamu.

Dawa ni moja, kalamu kabla ya springi. Kibati cha gari kina uzito wa juu unaoruhusiwa mzigo ukiwemo, toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndo chako na kila kitu kinakula humo humo. Tufanye umepata inayobakiza kilo 900. Wewe 85, vibarua wawili 140, bamba la mbele 50, tela kwenye ndoano 120, tangi tupu 35. Umebaki na 470. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni lita 470 mkuu, sio 1,000, na hapo hujapakia hata mfuko mmoja wa mbolea. Na usijaze tangi kubwa nusu ukadhani umepona, maji nusu tangi yanacheza, ukikanyaga breki yanakuja mbele yote kwa mkupuo na kwenye kona yanakuvuta pembeni. Chukua tangi dogo ulijaze, lifungwe likiwa limesukumwa mpaka kwenye kebini.

Tela nalo, zile tani 3 au 3.5 wanazokutajia ni za tela lenye breki zake lenyewe. Haya yetu ya kuchomelea kwa ekseli ya Noah iliyokufa hayana breki, na vitabu vingi vya pikapu vinaishia kilo 750 kwa tela la namna hiyo, tela na mzigo wake pamoja. Na sio kwamba unabeba mwisho na kuvuta mwisho siku moja, kuna kikomo cha vyote viwili vikiwa pamoja na huwa ni kidogo kuliko ukijumlisha mwenyewe.

Kama lita 1,000 ni lazima, chukua singo kebini ambayo kibati chake kinaruhusu, au Canter ndogo, familia iende na gari nyingine hata bajaji. Mimi sasa nina Canter, watoto wanalalamika, sawa tu.

Hilo la dizeli au petroli, otomatiki au manyuo, wadau wengine watakujibu. Wewe kesho kabla ya kwenda kwa huyo fundi fungua mlango wa dereva, piga picha kibati, tafuta na uzito wa gari tupu, uniandikie hapa hizo namba mbili na uzito wenu mtakaopanda, tutoe pamoja.