Kinyume cha kuchapisha kiolezo ni kipi?

Swali: Habari mwalimu. Ofisini tunatafsiri programu ya kutunzia violezo vya barua na mikataba. Ukimaliza kutengeneza kiolezo unabonyeza "Chapisha", idara zote zinakiona. Sasa batani ya kukitoa wasikione tena tuiandikeje? Mwenzangu kaweka "Usichapishe", mimi naona iwe "Chapua". Nani yuko sahihi?

Jibu: Wote mmekosea, ila wewe umekosea kwa akili zaidi. "Usichapishe" ni kumkataza mtu jambo ambalo hajalifanya bado, na hapa kiolezo kishatoka, watu washaanza kukitumia, kwahiyo hiyo haitengui kitu. Wewe umefata njia ambayo Kiswahili kinayo kweli, funga fungua, kunja kunjua, tandika tandua, bandika bandua, shida ni kwamba haiendi kwa kila kitenzi na chapua tayari ina kazi yake, mtu akiambiwa achapue mwendo anaongeza spidi, sasa mfanyakazi si atadhani hiyo batani inaharakisha barua?

Halafu hata hiyo "Chapisha" iangalieni, maana programu nyingi zinalitumia neno hilohilo kwa kutoa karatasi kwenye printa. Hivi vitu vinaweza kutenganishwa vizuri tu, kupiga chapa ni kazi ya mtambo, ndo maana Tanzania kuna Mpigachapa Mkuu wa Serikali, na mchapishaji ni yule anayekitoa kitabu kiwafikie wasomaji. Ya printa iiteni "Piga chapa" au hata "Printi", sioni ubaya.

Tuje kwenye batani yenu. "Futa" msiiguse kabisa, kitu kikifutwa kimepotea, wakati hapa kiolezo bado kipo kwa aliyekitengeneza na barua zilizoandikwa nacho ziko palepale. "Ondoa" ikikaa peke yake nayo inatisha hivyohivyo. Mimi ningeandika "Rudisha kwenye rasimu", ndefu kidogo lakini mtu anajua kiolezo kimeenda wapi na kwamba anaweza kukichapisha tena kesho. Kama nafasi ni finyu wekeni "Ficha", wenye makuu wataona neno la kitoto, waacheni.

Na nimeona mahali mmeandika "violezo vilivyoshirikiwa". Hiyo hapana jamani, andikeni "violezo vya pamoja". Mkiamua kusema templeti pia sawa, ila hapo ni "zimerudishwa" na violezo ni "vimerudishwa", msivichanganye kwenye ujumbe mmoja.